Sukari Niliyoiona kwa Macho Yangu

Mkono uliompiga binti wa mume wangu ndio uleule ambao watu wa mtaa wetu wa Bagara waliniomba niwawekee kichwani wakati wa maombi. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimewasikia watu wakisimulia habari zangu vingine, kwamba nilikuwa nabii mzuri niliyeharibiwa na sifa. Sifa zilinikuta nimeshaharibika.

Niliolewa Babati nikitoka milimani Mbulu, kabla bidhaa hazijaadimika. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, na alikuwa amefiwa na mke. Aliniachia nyumba ya vyumba viwili, shamba dogo la mahindi nyuma yake, na binti wa miaka sita ambaye hakuwa ameacha kumlilia mama yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika miaka ishirini na miwili. Nyumbani kwetu tulilelewa kwa fimbo. Baba alitupiga kwa henzirani, mama akatupiga kwa chochote kilichokuwa karibu, na Jumapili sote tulikwenda ibadani tukaimba. Sikuwahi kusikia mtu yeyote akisema kwamba hiyo ni dhambi. Kwa hiyo binti yule alipokataa kula chakula changu siku ya tatu, nilimpiga, akala, nikaona nimepata njia.

Karama ilinijia baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza. Katika kikundi chetu cha maombi, kilichokutana Jumatano alasiri ndani ya kanisa la matofali na mabati, nilimwambia mama mmoja aondoke kesho yake aende kwao, kwa kuwa baba yake anamwita. Sikumjua baba yake. Sikujua hata kama yu hai. Neno lilinikaa kifuani kama chakula kilichokwama mpaka nilipolisema. Alikwenda, akamkuta mzee anakata roho, na wawili wale ambao hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi walishikana mikono kabla mzee hajafumba macho. Mpaka leo naamini neno lile lilitoka kwa Mungu. Sina maelezo mengine. Baada ya hapo yalikuja mengine mawili matatu ya namna hiyo, na watu wakaanza kuniita mama nabii.

Ukiitwa hivyo kila unapopita, unaanza kutembea tofauti. Nilijifunza kunyamaza kabla ya kujibu salamu. Nilijifunza kufumba macho mtu akinieleza shida yake. Wazee walioweza kunizaa waliniinamia. Kisha narudi nyumbani, namkuta yule binti ameunguza maharage, nachukua mwiko.

Miaka ile ya shida, wanaoikumbuka hawahitaji kuelezwa. Tulifulia majani ya mpapai. Tulivaa makatambuga ya matairi, na kanga moja mimi na mdogo wangu, aliyeolewa papo hapo mjini, tuliivaa kwa zamu ya kwenda kanisani. Unga tuliougawiwa dukani ulikuwa wa mahindi ya njano, na kuupata ilibidi kupanga foleni kuanzia alfajiri, wengine wakiweka jiwe kushika nafasi, na watu waligombana hata kwa ajili ya mawe. Nimeona mwanamke akimng'ata mwenzake sikio kwenye foleni ile kwa sababu ya kipande cha sabuni. Tulisimama tukatazama, hakuna aliyetoka kwenye mstari kuwaachanisha, tusije tukapoteza nafasi zetu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mwanamke mjane aliyetoka Upareni, fundi cherehani, Mkatoliki. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishona barazani, na futi yake ya kupimia ilikaa shingoni kutwa. Tulipendana kwa namna ya majirani wanaoombana moto na chumvi.

Mwanangu alipokuwa na mwaka na nusu alipatwa na kuharisha. Siku ya pili macho yalizama ndani na alipolia hakutoa chozi. Muuguzi aliniambia nichemshe maji, nitie chumvi na sukari, nimnyweshe kidogo kidogo, la sivyo nitampoteza. Chumvi nilikuwa nayo. Sukari mji mzima haikuwepo. Nilizunguka na mtoto mgongoni na binti wa mume wangu nyuma yangu, tunapiga hodi nyumba hata nyumba, mpaka tukafika kwa jirani yule. Alimtazama mtoto usoni. Akafunga mlango wa barazani, akatuingiza chumbani, akapiga magoti, akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda, akachota kikombe kizima. Nyuma ya mfuko ule niliona mwingine, na katoni za sabuni. Akaniambia kwamba vitu vile si vyake, ni vya mdogo wake mwenye duka, ambaye ameogopa msako akamwomba amhifadhie, na kwamba kama ningeweza nisimwambie mtu. Nilimwapia. Alituchotea tena siku iliyofuata na siku ya tatu. Mwanangu alipona.

Miezi michache ikapita. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto, redio haikuzungumza kitu kingine. Watu walimwaga bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Asubuhi moja kule ziwani walikuta vitambaa vimenasa kwenye matete, watu wakaingia majini kuvigombania bila kuwajali viboko.

Wakati huohuo siku moja nilirudi na unga niliousotea tangu alfajiri. Binti alikuwa na miaka kumi sasa. Nilimwambia aumimine debeni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kama ilivyotetemeka siku zote nilipomsimamia, na unga ukamwagika, karibu nusu, kwenye jivu. Nilimpiga kwa mwiko kichwani. Mwiko ukakatika. Nikamsukuma, naye akaangukia mafigani, mkono wake wa kushoto ukaingia motoni hadi kwenye kiwiko. Alipotaka kuutoa nilikuwa bado namsukuma. Hilo sikulisema kanisani nilipoungama mengine, nalisema sasa. Nilikuwa bado namsukuma.

Jirani alisikia ukelele akaingia bila hodi. Alinipiga kikumbo nikagonga ukuta, akamnyanyua mtoto, akautumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji. Ngozi ilikuwa imeanza kubambuka. Alimfunga kwa kitambaa safi alichokikata kwenye nguo ya mteja. Alipomaliza alinigeukia, na wala hakupaza sauti.

"Mwenzangu," alisema, "huyu mtoto akisikia unaimba anajificha. Nenda kwa mwinjilisti wenu ukamwambie mwenyewe unayoyafanya humu ndani. Nakupa mpaka Jumapili. Usipokwenda nitakwenda mimi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Laiti angenitukana. Tusi ningelijibu likaisha. Kwa siku mbili sikula. Nilijiona nimesimama mbele ya wale wazee walioniinamia, mwinjilisti akiwaeleza habari za mwiko na mafiga. Sikuwa nafikiria mkono wa mtoto hata kidogo. Nilifikiria jina langu. Na hofu yangu, kadiri ilivyokaa, ikageuka hasira, na hasira ikapata njia ya kujiita kwa jina jingine. Nikaanza kujiambia kwamba mwanamke anayeficha sukari wakati watoto wa watu wanakufa hana haki ya kumnyooshea kidole mtumishi wa Mungu. Nilijiambia hivyo, mimi ambaye mtoto wangu alikuwa anacheza mbele yangu kwa sababu ya sukari ileile.

Jumatano kanisa lilijaa. Watu walikuwa na njaa na walikuwa na hasira, na walitaka kuambiwa ni nani aliyewasababishia. Tuliomba mpaka jasho likatoka. Mstari wa mbele alikaa mwanamume mmoja wa mgambo, mkulima wa kawaida tu, aliyekuwa ameokoka mwaka ule na aliyeniamini kuliko wote. Nikasimama. Nilifumba macho. Nilisubiri lile neno la kukwama kifuani, na kifua kilikuwa kitupu kabisa. Naukumbuka vizuri utupu ule. Nilikuwa na nafasi ya kukaa chini.

"Bwana ananionyesha nyumba," nilisema. "Iko hapa hapa Bagara. Ina cherehani barazani. Chini ya kitanda kuna vitu ambavyo watoto wa mji huu wanavililia."

Sikuhitaji kusema zaidi. Mgambo alisimama kabla sijafumbua macho. Wengine walikuwa wameshatoka mlangoni. Niliwafuata. Ningeweza kubaki kanisani na sikubaki. Nilikwenda nao, katikati ya kundi, na njiani kundi likakua, likachukua watu ambao hawakuwa wamesali, wenye fimbo na mipini ya majembe.

Jirani alikuwa anashona sare ya shule. Alipoona umati alisimama, akanitafuta kwa macho, akaniona. Uso wake ukabadilika kwa huruma. Alidhani nimekuja na watu kwa sababu ya mtoto.

"Mtoto amezidiwa tena?" aliniuliza.

Mgambo alimpita akaingia ndani, na tukasikia kitanda kinapinduliwa. Alitoka na mfuko wa kwanza begani, na sauti iliyotoka kwa watu wale sijawahi kuisikia tena. Haikuwa sauti ya furaha wala ya hasira. Mtu aliyesimama karibu na mlango alimpiga jirani usoni kwa ngumi, akaangukia cherehani, vyote vikaanguka chini. Kisha wakawa wengi, sikuona tena ni nani anapiga. Niliona fimbo zinapanda na kushuka. Niliona ile futi ya kupimia mikononi mwa mtu, amemzungushia nayo shingoni, anamburuta kama mbuzi wa mnadani. Alipojaribu kujikinga kichwa, mgambo alimpiga kwa rungu kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na mfupa nikausikia. Nilikuwa hatua chache tu. Ulilia kama kuni kavu inapovunjwa gotini.

Mfuko ulipasuka. Sukari ilimwagika barazani na uani, nyeupe kwenye vumbi jekundu. Watu wakamwacha yule mwanamke wakaivamia sukari. Waliichota kwa viganja, kwa kofia, kwa pindo za kanga, pamoja na mchanga na kinyesi cha kuku. Wanawake wa kikundi chetu cha maombi, niliowajua mmoja mmoja, walipigana vichwa, wakavutana nywele, wakakanyagana vidole. Mmoja alichota palipokuwa na damu, akaitupa ile nyekundu, akachota pembeni yake. Na huku watu wakinipita wananigusa bega, wanasema, Bwana asifiwe, mama nabii, umeona kweli.

Jirani alikaa ameegemea ukuta, mkono wake umekaa vibaya mapajani. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alikuwa ananitazama. Neno moja tu lake lingetosha, aseme, huyu naye nilimchotea, na wangenigeukia mimi. Nililisubiri. Alifumba mdomo. Wakamtupa nyuma ya gari la polisi wakampeleka mahabusu, na mdomo wake ulikuwa bado umefumbwa.

Nilirudi nyumbani nikafunga mlango. Binti wa mume wangu alikuwa kona ya jikoni na mkono wake uliofungwa kwa kitambaa cha jirani. Kelele zote alizisikia. Alijua.

Baada ya siku ile watu walikuja nyumbani kwangu kama wanaokwenda zahanati. Hawakutaka maombi, walitaka majina. Nani ameniroga, nani ameniibia, nani analala na mke wangu. Mwanzoni niliwajibu kwa mafumbo. Kisha akaja mzee mmoja wa Nangara aliyepotelewa na ng'ombe wa maziwa, akakaa, akakataa kuondoka bila jina. Nilikuwa nimechoka, mtoto analia, nikamwambia naona kijana mwembamba anayeishi karibu na mfereji. Nilidhani hakuna mtu wa namna hiyo, au wako kumi. Alikuwepo mmoja. Walimkuta shambani kwake wakamfunga kamba za katani, wakampiga mchana kutwa akiri. Hakukiri. Walimvunja mbavu, na jicho lake moja likaharibika. Ng'ombe alionekana siku ya nne upande wa Mutuka, amefuata malisho, na kamba yake bado shingoni.

Hapo ndipo mwinjilisti alipokuja. Alikuwa mzee wa huko kwetu milimani, mkulima wa Mutuka, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwetu hata nikamsikia kama baba yangu anazungumza. Alikuja alasiri, akiendesha baiskeli aliyoijaza majani kwenye matairi kwa kukosa mipira. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kigoda. Alikataa chai isiyo na sukari niliyomtengea. Akaniuliza habari za jirani, siyo za yule kijana.

"Ile sukari," alisema, "uliiona, au ulionyeshwa?"

Nikamwambia nilionyeshwa. Akauliza tena, polepole, kwa lugha yetu ya nyumbani safari hii. Nikamjibu vilevile.

Binti alikuwa anapeta mahindi mlangoni. Aliweka ungo chini, akasimama, na ile hofu yake yote ikiwa usoni.

"Tuliiona," alisema. "Alitupa kikombe mtoto alipoharisha. Mimi ndiye nilibeba."

Nilikuwa na jagi la bati mkononi. Sikumbuki kunyanyua mkono. Nakumbuka jagi likimpiga juu ya jicho, na damu iliyotoka kwa wingi, na yeye hakulia wala kukimbia, alibaki amesimama ananitazama kama anayengoja nimalize. Nikanyanyua tena. Mzee aliingia katikati. La pili lilimpata yeye kwenye shavu, kofia yake ikaruka, akayumba akashika mwimo wa mlango.

Mwanangu mdogo alikuwa ameketi mkekani anatutazama watatu.

Mwinjilisti alivua shati lake akalikandamiza juu ya jicho la binti. Alibaki kifua wazi, kifua cha mzee, mbavu zinahesabika. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka damu ikapungua. Kisha akasema bila kunitazama, "Mama, sauti yako nimeisikia kanisani mwaka wa tatu huu. Leo nimesikia ya nyumbani. Mungu anaweza kumtumia mtu yeyote, hilo sibishi. Lakini sisi tuliokusikiliza tulipaswa kuja hapa kwanza, siku ya kazi, tukukute unapika. Hatukuja. Na mimi nitajibu kwa hilo."

Nilipiga magoti pale pale kwenye mahindi yaliyomwagika. Sikupata machozi. Nilimwambia yote, isipokuwa lile la mafigani.

Tulikwenda pamoja kituoni siku iliyofuata. Nilimweleza ofisa wa zamu kwamba sikuonyeshwa kitu, kwamba nilisema kwa kinyongo. Aliniuliza kama sukari ilikuwepo au haikuwepo. Nikasema ilikuwepo. Basi, akasema, nirudi nyumbani.

Jumapili niliungama mbele ya kanisa lote. Nilidhani watanitukana. Wachache walilia. Wengi walinuna kama watu walionyang'anywa kitu, na nje baada ya ibada nilisikia mama mmoja akisema kwamba hata hivyo sukari si ilipatikana, sasa kosa ni nini. Niliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa, nisikaribie meza ya Bwana, nisisimame kusema. Yule mwanamume wa mgambo alinisubiri nyuma ya kanisa. Alinishika koo akanigongesha ukutani mara mbili, macho yake mekundu. "Umenivunjisha mkono wa mtu," alisema. "Mimi nilidhani namtumikia Mungu." Akaniachia, akakaa chini, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, watu wanapita.

Mume wangu aliporudi safari na kuliona jicho la bintiye na mkono wake ulioungua, alinipiga kwa mkanda mpaka majirani wakaja. Sisemi nilistahili, na sisemi alikosea kukasirika. Tulikuwa nyumba ya namna hiyo. Mwinjilisti alimfuata na yeye, akakaa naye siku kadhaa shambani, wakipalilia na kuzungumza. Hakunipiga tena baada ya hapo. Mimi naye tulijifunza upya, taratibu, kama watu wanaojifunza kutembea baada ya ugonjwa.

Jirani aliachiliwa baada ya miezi mitano, mdogo wake alipojitokeza na kukiri kwamba mali ni yake. Mkono ulikuwa umejiunga vibaya, umepinda kwa nje. Nilimpa siku mbili za kupumzika, kisha nikaenda. Hakunikaribisha. Aliniacha nimesimama uani kwenye jua, yeye barazani, na cherehani yake iliyovunjika mguu imeegemezwa ukutani. Niliomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, nikaona yote ni ya mtu anayezoea kusema mbele za watu, nikayaacha.

Mwishowe akasema, "Ungekuja leo na mtoto anaharisha, ningekupa tena. Hilo ndilo linaloniuma."

Kisha akasema nimpe yule binti.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwamba mkono wake hauwezi tena kuzungusha gurudumu na kukaza kitambaa, na kwamba hata ungeweza, angemtaka vilevile. Nilimweleza mume wangu. Alimwita binti akamuuliza mwenyewe. Binti aliingia ndani akatoka na gauni lake la pili amelikunja, na alikuwa ameshavaa makatambuga.

Alilelewa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila asubuhi nilisikia cherehani ikianza, na wakati mwingine nilimsikia akicheka, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya. Sikuruhusiwa kwenda bila kuitwa, nami niliitwa mara chache, msibani au kwenye kipaimara chake. Alisoma, akawa mwalimu. Yule mama alipozeeka yeye ndiye aliyemuuguza, na yeye ndiye aliyemzika.

Mimi nilirudishwa mezani baada ya mwaka. Neno la kukwama kifuani limenijia tena mara mbili tu katika maisha haya yote. Mara zote mbili sikulisema kanisani. Nilimpelekea mwinjilisti, na alipofariki, nilimpelekea mchungaji aliyekuwepo, nikamwachia yeye apime. Siku hizi vijana wenye karama ni wengi hapa mjini, na wazazi wao wakati mwingine huwaleta kwangu niwasikilize. Siwasikilizi. Naomba kwenda kwao siku ya kazi bila taarifa. Namsalimu anayewafulia nguo, namsalimu mtoto wa kambo kama yupo, natazama kama anainua uso. Wazazi wengine wanakasirika, wanasema walikuja kwa ajili ya mambo ya rohoni.

Binti wa mume wangu sasa ana nywele nyeupe mbili tatu. Anakuja kila Krismasi na mumewe na watoto. Ananiamkia vizuri, ananiita mama mdogo, ananiletea vitenge na miwani. Kovu la juu ya jicho limefifia. La mkononi halijafifia, huvaa mikono mirefu. Tumeshazungumza naye yote, hata lile la mafigani, na aliniambia amenisamehe, nami namwamini. Wajukuu wanacheza nami ukumbini. Lakini nikimbeba aliye mdogo kumpeleka jikoni, mama yake huacha anachofanya, hata kama anakula, anainuka, anakuja kusimama mlangoni mpaka tutoke.